Unaingia Rodeo ya Mabasi kwa Mara ya Kwanza? Mwongozo kwa Dereva na Fundi

Msimu wa rodeo ukikaribia, maswali huwa yaleyale. Dereva anauliza: nikigusa koni moja nimetoka? Nifanye mazoezi na basi lipi? Saa inaanza lini? Fundi naye anauliza: tutajuaje waamuzi wameharibu nini makusudi ili tukitafute? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa simu, kwa hiyo majibu nimeyakusanya hapa.

Kwa asiyejua kabisa: rodeo ni mashindano ya umahiri ya madereva na mafundi wa mabasi ya usafiri wa umma nchini Marekani na Kanada. Jina limetoka kwenye michezo ya wachunga ng'ombe, ila hapa mnyama ana futi 40 na breki za upepo. Unaanzia kwenye shirika lako, mshindi anakwenda ngazi ya jimbo, na juu kabisa kuna rodeo ya kimataifa ya APTA, chama cha usafiri wa umma cha Marekani. Madereva hugawanywa kwa urefu wa basi, futi 35 na futi 40. Mafundi hushindana wakiwa timu ya watu 3. Kisha kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui: alama za dereva na za timu ya mafundi wa shirika moja hujumlishwa ili kumpata bingwa mkuu. Ukiwa dereva hodari na mafundi wenu wamelala, kombe kubwa mtaliona kwenye picha za wenzenu.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Kitabu cha kanuni cha mwaka huu, cha mashindano utakayoingia. Cha mwaka jana cha rafiki yako hakikufai, maana vipimo vya vizuizi na alama za makosa hubadilika.
- Leseni yako ya kibiashara yenye idhini ya kubeba abiria, na rekodi safi. Mashirika mengi humkataa aliyepata ajali ambayo ingeweza kuepukika, au mtoro wa kazini.
- Basi la urefu uleule utakaoshindania. Kufanya mazoezi na la futi 35 kisha kushindana na la futi 40 ni kujidanganya.
- Yadi tupu yenye lami, na ruhusa ya maandishi kutoka kwa msimamizi.
- Koni 30 au 40, mipira ya tenisi kumi na kitu, chaki, na tepu ndefu ya kupimia.
- Mtu mmoja wa kusimama nje na kuandika. Usimpe kazi ya kukuelekeza, kwa sababu siku ya mashindano hutakuwa naye.
- Kwa mafundi: multimita, vitabu vya huduma vya injini, gia boksi, milango na kiyoyozi vya mabasi mnayoyajua, na saa.

Onyo moja kabla ya yote. Wakati wa mazoezi ya rivasi, mtu asisimame nyuma ya basi, hata kwa kuokota koni. Koni ikianguka, simamisha basi, vuta breki ya maegesho, ndipo mtu asogee.

SEHEMU YA DEREVA

1. Soma kanuni kwa jicho la mwamuzi. Usianze na maelezo ya vizuizi. Anza na ukurasa wa makosa: kugusa koni ni alama ngapi, kurekebisha mara ya pili ni ngapi, kupitiliza muda ni ngapi. Utagundua kwamba kugusa koni moja hakukutoi. Kinachowatoa watu ni hasira ya koni ya kwanza, inayozaa ya pili na ya tatu. Na jibu la lile swali la saa utalipata humohumo.

2. Panga kiti, kisha vioo, kwa mpangilio huo. Ukianza na vioo halafu ukasogeza kiti, vioo vyako vimeshaharibika. Kioo cha kulia kionyeshe ubavu wa basi kidogo tu, tairi la nyuma, na ardhi inayoligusa. Kama hulioni tairi la nyuma linapokanyaga chini, unaendesha kwa kubahatisha.

3. Pima basi lako kwa chaki. Hatua hii watu huiruka, na mimi naona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Alama nyingi za rodeo hupotea nyuma ya mgongo wa dereva. Simamisha basi likiwa limenyooka. Chora mstari chini kando ya tairi za nyuma za kulia. Rudi kitini utazame mstari huo unaonekana wapi kwenye kioo. Kisha weka mpira wa tenisi inchi 2 kutoka kwenye tairi, uutazame. Usogeze hadi inchi 6, utazame tena. Jicho lijifunze tofauti.

Baadaye kunja usukani hadi mwisho na uende polepole huku mwenzako, akiwa pembeni kwa mbali, anaangalia njia ya tairi. Basi likisimama, chorani njia hizo. Utaona tairi za nyuma zimekata ndani ya njia ya tairi za mbele. Kwa basi la futi 40 kwenye duara la usukani uliokunjwa wote, tofauti hiyo yaweza kuzidi futi 6. Utaona pia kwamba mkia wa basi umetoka nje, upande wa pili wa kona, kwa futi moja au zaidi. Hiyo ndiyo nadharia yote utakayoihitaji: nyuma inakata ndani, mkia unatoka nje.

4. Fanya kizuizi kimoja kimoja, siku tofauti. Usipange uwanja mzima siku ya kwanza.

*Nyoka.* Koni zimepangwa kwa mstari nawe unapita ukizunguka kushoto na kulia. Kosa la kawaida ni kuanza kukata pale pua ya basi inapoipita koni. Subiri. Koni ifike usawa wa tairi za nyuma, ndipo ukate.

*Kona ya kulia na ya kushoto.* Kanuni ni ileile, ila ya kulia ni ngumu kwa sababu kiti chako kiko kushoto, na koni ya ndani unaisoma kwenye kioo peke yake. Mgeni huikanyaga kwa tairi za nyuma. Akishaambiwa, kesho yake anatanuka mno na kugonga koni ya nje kwa pua. Mruhusu apitie makosa yote mawili. Katikati yake ndipo penyewe.

*Mipira ya tenisi.* Tairi pacha za nyuma za kulia zinapita kati ya mistari miwili ya mipira, na nafasi ni finyu sana. Hapa ndipo chaki ya hatua ya 3 inapokulipa. Nyoosha basi mapema, mbali kabisa na mpira wa kwanza. Ukijaribu kunyoosha ukiwa tayari katikati ya mipira, umechelewa, kwani kila unachokifanya mbele kinafika nyuma baadaye.

*Rivasi ya kulia na ya kushoto.* Hapa weka muda mwingi kuliko kwingine. Rivasi nzuri huamuliwa kabla hujaweka gia ya kurudi nyuma: ukisimama vibaya mwanzoni, hakuna usukani utakaokuokoa. Tafuta alama yako ya kusimamia, kwa mfano koni ya mlangoni ionekane kwenye pembe fulani ya kioo, na isimamie hiyohiyo kila mara. Washa taa za hatari, piga honi, ndipo urudi. Sogea polepole kama konokono. Kunja usukani kidogo, tazama matokeo, kunja tena. Na usisahau pua! Unapokodoa macho nyuma, pua ya basi inatembea kwenda upande wa pili na kugonga koni ambayo hukujua kama ipo. Kioo cha kushoto, cha kulia, mbele. Kushoto, kulia, mbele.

*Kituo cha abiria.* Ingia sambamba na ukingo, tairi za mbele na za nyuma zikiwa karibu nao kwa inchi chache bila kuugusa, na mlango ulingane na alama. Dereva wa njiani hulifanya hili mara mia kwa siku na ndiyo maana hulidharau. Kwenye rodeo linapimwa kwa rula. Na ukiondoka, kumbuka mkia.

*Njia inayobana.* Mistari miwili ya vizuizi inaanza pana na kufinyika kadiri unavyosonga, hadi mwisho inabaki nafasi ndogo pembeni mwa basi. Ukiangalia tu utasema twende taratibu, lakini kanuni za APTA zinadai mwendo wa maili 20 kwa saa au zaidi. Siri iko machoni. Tazama katikati ya lango la mwisho, mbali. Ukitazama koni, utaifuata koni. Vidole tu ndivyo vishughulike na usukani, na basi liwe limenyooka kabla hujaingia.

*Kusimama kwa kukadiria.* Kwa kawaida hiki huja mwisho, mara tu baada ya njia inayobana, ukiwa bado na mwendo. Unatakiwa usimame mara moja tu, bampa likiwa karibu sana na koni bila kuigusa. Hakuna kusogea tena. Ili kujifunza, simama pale unapodhani ni inchi 6, shuka, upime. Wengi hukuta futi 4! Koni ikishapotea chini ya kioo cha mbele, moyo huogopa mapema. Tafuta alama nyingine inayoonekana pembeni, kama mstari au koni ya kando, na uihusishe na kiti chako.

5. Unganisha uwanja wote, bila saa. Rodeo nyingi hutoa dakika 7 kwa uwanja mzima. Dakika 7 zinamtosha anayeenda kwa utulivu. Hazimtoshi anayerudia rivasi mara tatu. Kwa hiyo saa iache hadi utakapopita mara kadhaa bila kurekebisha. Humo ndani ya basi kuna mwamuzi anayepima ulaini: breki za kushtua, kuondoka kwa kuruka, kona za kumlaza mtu. Suka mzuri abiria wake husinzia.

6. Jifunze ukaguzi wa kabla ya safari kama wimbo. Waamuzi huficha hitilafu kwenye basi nawe unapewa dakika chache kuzitaja. Tembea njia moja tu kila siku: anzia mlangoni, zunguka nje upande uleule, ingia ndani, maliza kwenye kiti cha dereva. Gusa kwa mkono na utaje kwa sauti. Vinavyopendwa kufichwa ni vidogo: kizima moto kisicho na pini, nati ya gurudumu iliyolegea, taa ya ubavuni iliyokufa, pembetatu za tahadhari zisizotimia, dirisha la dharura lisilofungwa sawasawa, au kifurushi cha kutilia shaka chini ya kiti. Hicho cha mwisho usikiguse, kitaje tu.

Vipimo vya Marekani vya kukariri: kina cha mifereji ya tairi za mbele kisipungue 4/32 ya inchi, nyingine 2/32. Tairi za mbele za basi haziruhusiwi kuwa zilizovikwa mpira upya. Usukani wenye kipenyo cha inchi 20 usicheze zaidi ya inchi 2 hivi kabla tairi hazijageuka. Injini ikiwa imezimwa na breki imekanyagwa, upepo usishuke zaidi ya psi 3 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa dakika moja. Taa au kengele ya upepo mdogo iwe imeshawaka kipimo kinapofika karibu na psi 60.

7. Kiti cha magurudumu. Hiki kipo kwenye rodeo nyingi za majimbo, na kipo kwa sababu ya sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, ifungwe kwenye fremu imara. Kosa kubwa ni kufunga kwenye gurudumu au kwenye sehemu ya miguu inayochomoka. Kiti chenye mota kizimwe, breki zake zivutwe. Ukimaliza, kitikise: kisisogee zaidi ya inchi 2 upande wowote. Mkanda wa abiria mwenyewe ni kitu kingine, usidhani mikanda ya kiti inatosha. Na zungumza naye, mwombe ruhusa kabla hujamgusa. Aliyekaa pale hata kama ni mwamuzi, ni abiria wako.

8. Sare na mtihani wa maandishi. Piga pasi, ng'arisha viatu, soma kitabu. Alama hizi ni za bure na inauma kuziona zikipotea.

SEHEMU YA MAFUNDI

1. Gawaneni kazi kabla ya kufika. Mmoja anasoma michoro, mmoja ana mikono, wa tatu anapima na kuandika. Mafundi watatu hodari wanaoingiza mikono kwenye kasha moja hushindwa na watatu wa kawaida waliopangana.

2. Thibitisha lalamiko. Mmeambiwa mlango wa nyuma haufunguki? Ujaribuni wenyewe kwanza. Tazameni nini kinafanya kazi na nini hakifanyi, ndipo mshike kifaa. Kubadilisha vipuri kwa kubahatisha kunakula muda, na mara nyingi kunaongeza hitilafu ya pili.

3. Anzeni na umeme unaoingia. Betri, fyuzi, waya wa ardhi. Baada ya hapo ndipo muende kwenye rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) na moduli (kompyuta ndogo za basi). Waya wa mawasiliano kati ya moduli, ule wa jozi iliyosokotwa, una rezista mbili za ohmu 120, moja kila mwisho. Zimeni umeme, mpime kati ya waya hizo mbili. Mkipata kama ohmu 60, jozi iko sawa. Mkipata 120, rezista moja haionekani au waya umekatika. Mkipata karibu na sifuri, waya zimegusana. Kipimo hiki cha nusu dakika hufuta nusu ya uwezekano.

4. Ubao wa breki za upepo, yaani mfumo wa breki uliofungwa kwenye ubao. Fuateni upepo kutoka kompresa, kwenye matangi, hadi kwenye vali na vyumba vya breki, bila kuruka. Pimeni kompresa inakatia wapi na inarudi wapi. Kwenye mabasi mengi hukata kati ya psi 120 na 135 na kurudi karibu na 100. Maji ya sabuni bado ndiyo mpelelezi bora wa uvujaji. Kabla ya kulegeza kiungo chochote, toeni upepo wote. Hili si suala la alama tu, bomba la upepo humtoa mtu jicho.

5. Milango na kufuli ya breki. Mlango wa nyuma ukiwa wazi, basi halitakiwi kuondoka. Kwa hiyo basi linapokataa kwenda, swichi ndogo ya mlango iliyosogea kidogo ni mshukiwa wa kwanza, kabla ya gia boksi. Mafundi wengi huanza na gia boksi kwa sababu ni kubwa na inaogopesha.

6. Kiyoyozi, injini, gia boksi. Macho kwanza: mkanda, chujio la hewa, plagi iliyochomoka, waya uliokatwa na kurudishwa. Kisha misimbo ya hitilafu. Msimbo hukuambia moduli imeona nini. Haukuambii nani kasababisha.

7. Andikeni. Hitilafu, ilipo, mlivyoithibitisha. Timu inaweza kuipata hitilafu na kukosa alama kwa kuandika "mlango mbovu".

UKIKWAMA

*Koni ya ndani ya kona ya kulia inaanguka kila mara.* Unakata mapema, au kioo cha kulia kimekaa juu mno. Shusha kioo hadi uione ardhi ya tairi la nyuma, kisha ongeza hesabu ya moja, mbili kabla ya kukata.

*Rivasi inaharibika palepale kila siku.* Tatizo halipo hapo. Rudi kwenye alama ya kuanzia, sogeza futi 2 mbele au pembeni, ujaribu tena.

*Yadini unapata yote, siku yenyewe basi ni jingine.* Litakuwa jingine, jiandae. Ukikaa kitini, kabla ya kizuizi cha kwanza, kanyaga breki mara moja taratibu ili uujue uzito wake. Siku ya kuuonyeshwa uwanja, utembee kwa miguu ukihesabu hatua na kuchagua alama za kudumu ardhini.

*Unazidisha dakika 7.* Usiongeze mwendo kwenye vizuizi. Muda unapotea kati ya kizuizi na kizuizi, unapositasita kutafuta kinachofuata. Kariri mpangilio wa uwanja.

*Mafundi, dakika 2 zimebaki na hitilafu moja haijaonekana.* Acheni kufungua vitu vipya. Anayepima aandike zile zilizothibitishwa vizuri, wawili wengine wakague plagi na viunganishi kwa macho.

*Multimita inasoma volti 24 lakini taa haiwaki.* Mmepima waya ambao haujabebeshwa mzigo. Unyuzi mmoja ulio mzima unatosha kuonyesha volti 24, lakini hauwezi kuwasha taa. Acheni taa imeunganishwa, swichi ikiwa imewashwa, mpime upotevu wa volti: ncha moja ya mita kwenye betri, nyingine kwenye waya unapoingia kwenye taa. Kisha fanyeni vivyo hivyo upande wa ardhi. Upande utakaosoma volti nyingi ndio wenye kutu, plagi iliyolegea au waya uliokatika ndani ya ganda lake.